Kabla ya Kumlaumu Mtu, Pima Maji

Katika nyumba nyingi kitu kikiharibika, kinachotafutwa kwanza si sababu, bali ni mtu. Chungu kikiungua, huulizwa nani aliyekuwa jikoni. Redio ikinyamaza, huulizwa nani aliyeigusa mwisho. Ni mara chache mtu huuliza kama moto ulikuwa mkali mno, au kama betri zilikuwa zimekwisha nguvu. Na aghalabu mtu anayepatikana ni yule asiye na sauti katika nyumba: mtoto mdogo, au binti wa kazi aliyetoka kwao kuja kutafuta riziki.

Jambo la namna hiyo lilitokea katika nyumba moja mjini Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo wazee bado huiita Cyangugu. Mwenye nyumba ni mtumishi wa serikali ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ni mtu wa utaratibu: viatu vyake hukaa mlangoni vikiwa vimepangwa sambamba, na faili zake ofisini hazina sikio lililokunjika. Wakati mmoja alipata nafasi ya kufika Unguja, na huko aliyaona matumbawe ya kisiwa cha Chumbe chini ya maji maangavu. Tangu siku ile moyo wake haukutulia. Alitamani naye awe na bustani ya maji sebuleni.

Lakini Kamembe si Unguja. Bahari iko mbali, na matumbawe si maua ya kuchumwa. Kila tumbawe ni mji wa wanyama wadogo mno, na biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi na nchi inatawaliwa na mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini. Hata mwenye kibali na fedha huona taabu kuyaweka hai ndani ya kioo, kwa kuwa hayavumilii mabadiliko ya chumvi, ya joto wala ya mwanga. Bwana huyu akafanya alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo, yaani kutazama kilichoko mbele ya mlango wake. Mbele ya mlango wake lilikuwako Ziwa Kivu.

Ziwa hilo, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, lina samaki wa jamii ya Haplochromis, na aina zaidi ya 10 kati yao hazipatikani mahali pengine popote duniani. Ni samaki wadogo wa mawe mawe. Madume yao, wakati wa kutafuta jike, hung'aa kwa rangi za buluu, manjano na nyekundu. Wavuvi hawawathamini sana, maana riziki yao kubwa ni sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mzee mmoja mvuvi alipoombwa samaki wachache walionasa wakiwa hai, alicheka na kusema, "Mwalimu, wengine huja kwangu kununua mboga. Wewe waja kununua wageni!"

Fundi wa vioo alitengeneza tangi la urefu wa sentimita 80, linalochukua maji karibu lita 100. Pampu ndogo ya hewa ikapatikana, pamoja na chujio la sponji. Chini kukawekwa mchanga, na juu yake mawe ya ziwani. Samaki tisa wakaingia kwa makundi, watatu watatu, kila kundi baada ya majuma kadhaa. Kila Jumamosi binti wa kazi, msichana wa miaka 20 kutoka bonde la Bugarama, aliteremka ziwani na kurudi na dumu moja la lita 20. Bwana alitoa maji kiasi hicho katika tangi na kutia yale mapya. Samaki wakanenepa. Jioni watoto walikaa mbele ya kioo wakasahau ugomvi wao, na hata mama mwenye nyumba, aliyekuwa ameona jambo lote kuwa ni anasa, alianza kuwapa samaki wawili majina.

Mvua zikaja. Njia ya ziwani ikawa utelezi. Jumamosi moja bwana alitazama tangi akaona kijani kwenye kioo, sponji imekuwa ya rangi ya udongo, na mawe yamevaa ute. Kwa mtu wa utaratibu, hiyo ilikuwa aibu. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akawahamisha samaki katika beseni. Maji yote akayamwaga. Mawe akayasugua kwa brashi. Sponji akaikamua chini ya bomba mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe kama ya kunywa. Kisha akalijaza tangi kwa maji ya bomba, akawarudisha samaki, akakaa kitini kufurahia kazi ya mikono yake. Kioo kiling'aa kama dirisha la ofisi mpya.

Kabla ya usiku samaki walikuwa juu ya maji, wakitweta. Alfajiri mmoja alikutwa amelala ubavu chini. Jumatatu wa pili akafa. Jumanne bwana aliamua kuwa wanakosa maji yao ya asili. Akaagiza madumu mawili na nusu kutoka ziwani, akatoa nusu ya maji ya tangi na kutia hayo. Jioni ile ile wakafa watatu kwa mpigo. Katika tisa wakabaki wanne.

Nyumba ikawa kama yenye msiba. Mtoto wa mwisho alikataa chakula. Bwana alianza uchunguzi, na uchunguzi wake haukwenda mbali. Alikumbuka kwamba siku moja alimkuta binti wa kazi akipigia deki kwa ndoo ya samaki, ndoo ambayo alikwisha agiza isiguswe na sabuni. Hapo akaona ameshika mkia wa nyoka.

"Ni sabuni," akasema mezani. "Huyu ametuulia samaki. Gharama yao nitaikata katika mshahara wake, na mwisho wa mwezi arudi kwao."

Binti alisimama mlangoni na sahani mkononi. Hakujitetea. Alisema tu, "Ndiyo, baba," akaenda jikoni. Siku ya pili alimpa ujumbe mfanyabiashara mmoja wa mchele aliyekuwa akirudi Bugarama, amwambie mama yake kwamba anarudi nyumbani na kwamba ada ya mdogo wake muhula ujao itafutwe kwingine.

Usiku ule mkewe alimwambia kwa upole, "Baba watoto, ulipokuwa mwalimu, ulipata kumwandikia mwanafunzi sifuri kabla ya kusoma karatasi yake?"

Hakujibu. Lakini swali lile lilikaa naye kitandani, na asubuhi alikwenda kwa rafiki yake afundishaye kemia katika shule moja ya sekondari, akamweleza yote. Rafiki yule hakuuliza nani aliyefanya nini. Aliuliza mambo matatu: maji yalitoka wapi, yalibadilishwa lini, na samaki walianza kuugua saa ngapi. Jioni alifika nyumbani akiwa na vichupa vyake na vipande vya karatasi iliyotiwa wanga na iodidi ya potasiamu.

Kwanza alitumbukiza karatasi katika maji yaliyotoka bombani wakati huo huo. Ikageuka buluu. Ilikuwa ni klorini, dawa itiwayo katika maji ya mji ili kuua vijidudu vya maradhi, na bila hiyo watu wengi wangeugua. Kwa binadamu kiasi kile hakina dhara. Kwa samaki, huunguza mashavu yanayovuta hewa. Kisha akapima maji ya tangi. Klorini haikuwamo tena, kwani ilikwisha potea hewani. Kilichokuwamo kwa wingi kilikuwa amonia.

Hapa yafaa kueleza, maana ndipo penye kiini cha jambo. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu, na mabaki ya chakula yanapooza huitoa pia. Ziwani hupotea katika maji mengi. Katika lita 100 haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki wa tangini ni vijidudu visivyoonekana, viishivyo juu ya mawe, katika mchanga na hasa katika sponji. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka itolewe maji yanapopunguzwa. Aliyevifahamu vijidudu hivi na kuvitenga ni mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, mnamo mwaka 1890. Ule ute uliomtia bwana aibu ulikuwa ndio makazi yao. Brashi iliwasugua, na klorini ikawamaliza waliobaki. Kusafisha kule kuliua kiwanda kizima cha kusafishia.

"Haya," akasema bwana, "na wale watatu wa Jumanne? Maji ya ziwa hayana klorini."

Rafiki yake akatabasamu kwa huzuni. Maji hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ni maji yasiyo na uchachu wala umagadi. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana umagadi mwingi. pH yake hukaribia 9. Na amonia ina tabia ya kinyonga. Katika maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, sehemu iliyo sumu kali haifiki 1 katika 100. Iliyobaki imetulia, haina ukali. Katika pH 9, sehemu iliyo sumu hupita theluthi moja. Kwa hiyo tangu Jumamosi amonia ilikuwa ikijikusanya ndani ya maji ya bomba bila kuonyesha makucha yake yote. Bwana alipomimina maji ya ziwa kwa wingi na kwa ghafula, ingawa aliipunguza amonia kwa nusu, ile iliyobaki aliigeuza kuwa sumu mara nyingi zaidi. Alichodhani ni dawa kilikuwa kimenoa kisu.

"Lakini sabuni je?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeshikilia ukuta unaoanguka.

Hapo binti wa kazi aliitwa. Alikuja na kalenda ya ukutani kutoka jikoni. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa penseli, siku kwa siku, maji aliyoteka na jinsi samaki walivyokula, maana mtoto wa mwisho alikuwa amemwomba wafanye "daftari la samaki". Siku ya ndoo ilikuwapo: majuma mawili kabla ya vifo. Mbele yake aliandika kwamba aliisuuza mara tatu. Na siku zote 14 zilizofuata kulikuwa na neno lile lile: wamekula, wamekula, wamekula. Kisha ikaja Jumamosi ile. Aliandika: "Baba amesafisha. Jioni hawakula."

Hakuna aliyesema kitu. Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Na mara nyingine hata akipewa kioo cha sentimita 80 halioni, mpaka mwingine amwonyeshe.

Inafaa kukumbuka kwamba kazi hii ya kutunza viumbe vya majini nyumbani, tangu asili yake, ilisimama juu ya mikono ya mtu kama binti huyu. Mwaka 1846 mwanamke mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe madogo hai kutoka pwani ya Torquay akayapeleka London, akayaweka katika mabakuli ya kioo. Maji ya bahari yalikuwa haba na pampu hazikuwapo. Ili maji yapate hewa, mtumishi wake wa ndani aliyamimina kutoka chombo hiki kwenda kile, mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi kila siku. Mwaka uliofuata Bi Thynne alitia mimea ya bahari, nayo ikasaidia kuyapa maji uhai. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na tamaa ya matangi ikaenea. Jina la bibi limo vitabuni. Yule aliyemimina maji hukumbukwa kama "mtumishi" tu.

Matumbawe nayo yanafundisha somo lile lile. Mwaka 1998, joto la bahari lilipozidi kwa sababu ya El Niño, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yaligeuka meupe. Mtazamaji angedhani yamepatwa na ugonjwa wa ngozi. La hasha. Tumbawe huishi pamoja na mimea midogo sana ndani ya mwili wake, ambayo humlisha na kumpa rangi. Joto likizidi kwa nyuzi moja au mbili kwa majuma kadhaa, hao washirika hutoka, na tumbawe hubaki jeupe na lenye njaa. Maji yakipoa mapema hupona, yakichelewa hufa. Hata yule anayeyafuga ndani ya nyumba, akiona weupe, hatakiwi kukimbilia dawa ya kumpaka mnyama. Hana budi kuuliza kwanza: joto ni kiasi gani, chumvi imebadilikaje, taa imebadilishwa lini? Maradhi mengi ya kiumbe wa tangini ni maradhi ya maji.

Kwa wale wenye tangi nyumbani, au wanaotaka kuwa nalo, mambo haya yazingatiwe.

Kwanza, maji yasibadilishwe yote kwa pamoja. Sehemu moja katika tano kila juma yatosha, na mapya yafanane na ya zamani kwa asili na kwa joto. Anayetoka maji ya namna moja kwenda namna nyingine afanye hivyo kidogo kidogo, kwa siku nyingi.

Pili, maji ya bomba yasiingizwe moja kwa moja. Yaachwe katika chombo kipana kisichofunikwa usiku na mchana, ili klorini itoke. Iko namna nyingine ya dawa, kloramini, ambayo haitoki kwa kungojea. Mahali inapotumika hutakiwa dawa ya kuiondoa, kama vile thiosalfeti ya sodiamu.

Tatu, sponji isioshwe chini ya bomba kamwe. Ikamuliwe taratibu katika maji yaliyotolewa tangini, mara mbili au tatu, na iachwe na rangi yake ya udongo. Siku ya kukamua sponji isiwe siku ya kusugua mawe.

Nne, chakula kiwe kile kinachomalizika kwa dakika mbili au tatu. Samaki mwenye njaa ya siku moja hafi. Aliyezungukwa na chakula kilichooza yumo hatarini.

Tano, tangi jipya lipewe muda. Vijidudu huhitaji majuma manne hadi sita kujenga makazi, kwa hiyo samaki waingie wachache wachache.

Sita, ndoo ya tangi iwe na alama yake na isiguse sabuni. Katika hili bwana wa Kamembe alikuwa na haki, ila alilitumia lililo kweli kuthibitisha lisilo kweli.

Saba, na hili ndilo kubwa, liwepo daftari. Iandikwe tarehe, maji yaliyobadilishwa, chakula, na hali ya samaki. Kumbukumbu ya kichwa humpendelea mwenye kichwa. Penseli haina upendeleo.

Kazi ya kuwaokoa wale wanne ilianza usiku ule ule. Chakula kilisimamishwa kwa siku mbili. Pampu iliongezewa nguvu. Kwa kuwa maji yalikwisha elekea kwenye umagadi wa ziwa, waliendelea na ya ziwa tu, sehemu moja katika tano kila siku, na bwana mwenyewe ndiye aliyeteremka na dumu katika utelezi. Mzee mvuvi aliwapa mawe matatu yenye ute, yaliyotoka majini asubuhi hiyo, yawe mbegu ya vijidudu vipya. Baada ya majuma sita vichupa vya mwalimu wa kemia havikuonyesha amonia tena.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ile ile ya kalenda, bwana alimwita binti wa kazi akae mezani pamoja na watoto. Haikuwa desturi ya nyumba ile.

"Mwanangu," akasema, "nimekukosea. Samaki niliwaua mimi. Mshahara wako hautaguswa, na kazi yako ni yako."

Binti alitazama chini. "Yamekwisha, baba," akajibu. Kisha, baada ya kitambo, akaongeza, "Ila mama amekwisha pata habari kwamba nimefukuzwa."

Neno hilo lilimchoma bwana kuliko vifo vya samaki. Amonia huondolewa kwa madumu ya maji. Habari iliyokwisha fika Bugarama haina chujio. Jumapili asubuhi alipanda gari na binti yule mpaka kwao, akakaa kwenye kigoda mbele ya mama yake, akaeleza mbele ya majirani jinsi mambo yalivyokuwa na kosa lilikuwa la nani. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha wali, akamruhusu binti arudi.

Tangi bado liko sebuleni. Kioo chake haking'ai kama dirisha la ofisi mpya. Kuna kijani pembeni, na mawe yana ute. Pembeni yake imetundikwa kalenda, na penseli imefungwa kwa uzi. Kila anayelihudumia tangi huandika, baba akiwa wa kwanza.